Wasomaji Wanauliza: Usambara ni Milima Miwili, Chagua Mmoja

Likizo ya Juni inapokaribia, meza yetu hapa Dar es Salaam hujaa barua za watu waliochoshwa na joto na foleni, wanaotaka kupanda milima ya Usambara mkoani Tanga kuona miji yake midogo. Tumechagua barua nne, kwa kuwa maswali yaliyomo yanarudiwa na wengi.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Tumepanga safari ya basi ya siku tano, nasi tunataka kulala usiku mmoja mmoja Soni, Lushoto, Mlalo, Mtae na Amani, ili watoto wasikose chochote. Je, mpango huu unafaa? (Mama wa wawili, Tabata)

Jibu: Mama, ramani imekupunja. Kwenye karatasi Amani na Lushoto huonekana kama majirani wanaoweza kuombana chumvi, lakini Usambara ni milima miwili, ya Magharibi na ya Mashariki, na katikati yake limelala bonde la Lwengera. Soni, Lushoto, Mlalo na Mtae ziko upande wa Magharibi. Amani iko Mashariki peke yake. Basi atakayetoka Lushoto kwenda Amani hulazimika kushuka hadi Mombo, apite Korogwe na Segera, afike Muheza, kisha aanze kupanda upya kwa barabara ya udongo. Hiyo ni siku nzima ndani ya magari, na kwa mtoto wa miaka sita ni adhabu. Iondoe Amani kabisa, uiwekee safari yake.

Hata hizo nne zilizobaki nisingezilalia zote. Fanyeni Lushoto kuwa kambi yenu, mlale huko siku zote, na kila asubuhi mtoke kwenda mahali pamoja na kurudi jioni. Kufungasha mizigo kila siku huwanyima watoto muda wa kucheza na wenzao wa huko, jambo ambalo, kwa maoni yangu, watalikumbuka kuliko bonde lolote.

Mtapanda basi la Lushoto moja kwa moja kutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Hadi Mombo ni barabara kuu ya kwenda Moshi, na pale chini joto bado ni la tambarare. Mkishaiacha barabara kuu, mnaanza kilomita thelathini na zaidi za lami inayojinyonganyonga, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Msiwashibishe watoto Mombo, muombe viti vya mbele, na muwe na mifuko ya kutapikia karibu. Wengi wanaotapika katika kona zile ni wale waliokula chipsi na mishikaki dakika kumi kabla. Kabla ya kufika Soni mwambie kila mtoto atazame chini ya barabara, maana maporomoko ya maji ya Soni huonekana kutoka dirishani, kisha basi linakata kona nayo yanapotea.

Soni ni mji wa gulio, na pasipo gulio ni makutano ya barabara tu yenye maduka machache. Kwa hiyo uipangie Jumanne. Siku hiyo akina mama hushuka kutoka vijijini tangu alfajiri na matunda ya msimu, yawe mapea, plamu au mapichi, nao huyapima kwa sado, ile ndoo ndogo ya plastiki, wakiyapanga juu ya ukingo mpaka yanakuwa kichuguu. Usichukue kichuguu hicho kabla hujasema neno moja, “nyongeza”, kwa sababu muuzaji anakusubiri uliseme, na asiyelisema huonekana mgeni sana. Pembeni vijana hupakia kabichi na karoti kwenye Fuso zinazoelekea Dar es Salaam, kabichi zilezile tunazozilalamikia bei katika masoko ya hapa mjini. Mwoneshe mtoto lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu ya mdomo wake, halafu umuulize ni nani anayepata hasara. Mwanangu alijibu “gunia”, na bado sijapata jibu lililo bora zaidi.

Lushoto yenyewe iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao, wakapafanya mahali pa maafisa wao kukimbilia joto la pwani. Nawaonya mapema wale wanaokwenda wakitarajia mji wa makumbusho: majengo ya enzi hizo ni machache, yametawanyika, na mengine bado ni ofisi ambazo mtu haingii kupiga picha. Uzuri wa Lushoto ni wa namna nyingine. Ni mji unaozungukwa kwa miguu katika muda wa saa moja, wenye mikaratusi mirefu, nyumba zilizokwea mteremko hadi juu, na baridi ya jioni inayomfanya mtu wa Tabata atafute sweta ambalo hajalivaa tangu alinunue. Magulio yake ni Alhamisi na Jumapili.

Siku moja nendeni Irente. Ni matembezi ya saa moja na nusu hivi kutoka mjini, katikati ya mashamba ya mahindi na maharage, hadi kwenye mwamba ambapo mlima unakatika ghafla na nyanda za Mombo zinaonekana karibu mita elfu moja chini yenu. Mshikeni mtoto mkono, kwa sababu ukingo ni wa kweli. Mkiwa njiani simameni katika shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri, ambako hutengenezwa jibini, mkate na jamu. Chakula cha mchana chini ya miti pale kinatosha kuwa sababu ya kwenda.

Kati ya Mlalo na Mtae, kwa watoto wenu ningechagua Mlalo. Iko kilomita thelathini hivi kutoka Lushoto, ndani ya bonde, na ina nyumba za udongo za ghorofa moja zenye roshani za mbao zilizosongamana kama zinanong’onezana. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1891. Mtae ni mbali mara mbili, na gari la abiria huchukua saa kadhaa. Kijiji kimekaa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, na siku ya anga safi mtu huiona Mkomazi chini yake, nchi ya Kenya ng’ambo, na Kilimanjaro kwa mbali. Ni pazuri kuliko Mlalo, sibishi. Lakini aendaye Mtae na kurudi siku hiyohiyo hurudi na vumbi tu, basi mwachieni mwenye nafasi ya kulala huko.

Swali: Mwezi Mei tulikwenda Irente kwa mara ya kwanza, tukafika kileleni saa mbili asubuhi. Tuliona ukungu mtupu, mweupe kama shuka. Kijana mmoja aliyetufuata njiani akatudai shilingi elfu ishirini kwa “kutuonesha”. Tulikosea wapi? (Waliorudi bila picha, Sinza)

Jibu: Mlikosea mwezi, mkakosea saa, na mkakosea kutotaja bei mapema, la tatu ndilo ghali zaidi.

Milima hii iko karibu na bahari. Upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukiigonga hulazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unageuka wingu. Ndiyo maana misitu yake ni mibichi ilhali nyanda za nyuma yake, zile mlizokuwa mkizitafuta kwa macho, ni kavu. Mei masika huwa hayajamalizika, na hata katika kipupwe, kuanzia Juni, ukungu wa asubuhi ni jambo la kawaida hadi jua lipate nguvu. Ningefika pale baada ya saa nane mchana na kukaa hadi jua likaribie kuzama, maana mwamba unatazama upande wa machweo. Wingu likiwa bado limekaa, kunyweni chai na msubiri. Nimewahi kuliona likipasuka kama pazia ndani ya dakika tano, kisha likafunga tena.

Kuhusu kijana yule, wapo waongozaji wazuri wanaopatikana kupitia ofisi za utalii mjini Lushoto, ambako bei hutajwa kabla ya hatua ya kwanza na risiti hutolewa. Anayewafuata bila kuitwa mwambieni mapema, kwa adabu, kwamba hamumhitaji. Mkinyamaza hadi kileleni, atauhesabu ukimya wenu kuwa makubaliano.

Swali: Mimi ni mstaafu wa miaka sabini na mbili. Magoti yananisumbua, na gari langu ni dogo, la zamani. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia habari za Mbega na mji wa Vuga. Je, naweza kufika huko kwa gari langu, na je, kuna cha kuona? (Mzee wa Kinondoni)

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Hadi Soni na Lushoto gari dogo linafika bila taabu, kwa sababu ni lami. Pumzisha injini Mombo, kagua maji ya rejeta, na wakati wa kushuka tumia gia ndogo badala ya kukanyaga breki kilomita zote zile, la sivyo utaisikia harufu yake kabla hujafika tambarare. Kutoka Soni kwenda Vuga njia ni ya udongo; ikiwa mvua imenyesha, acha gari lako mjini na ukodi lenye magurudumu marefu pamoja na dereva wa huko.

Kama ulivyosimuliwa, Mbega alikuwa mwindaji kutoka milima ya Ngulu aliyewasaka nguruwe pori waliokuwa wakiharibu mashamba ya Washambaa, akagawa nyama, akaua simba, na mwishowe akapewa utawala. Kwake ndiko ulikotoka ukoo wa Wakilindi, wenye makao yao Vuga. Utawala huo ulifikia kilele chake chini ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye mamlaka yake yaliteremka hadi pwani. Krapf, yule mmisionari wa kamusi ya Kiswahili, alipanda hadi Vuga kuonana naye mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, na baada yake wanawe na wajukuu wake wakapigana hadi mji wenyewe ukateketea.

Kwa hiyo, mzee, usitarajie kasri wala kuta. Vuga ya leo ni kijiji chenye migomba, shule na makanisa, na mgeni asiye na wa kumsimulia atapita bila kujua amepita wapi. Wewe una masimulizi ya baba yako, nayo ni nusu ya safari. Nusu ya pili itafute kwa wazee wa kijiji: anza kwa kuripoti ofisi ya serikali ya kijiji, useme shida yako, na uombe kukutanishwa na mzee wa ukoo. Magoti hayatakuwa na kazi, maana mazungumzo ya namna hiyo hufanyika mkiwa mmekaa.

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nina Jumamosi na Jumapili tu. Nataka kuliona ua la urujuani wa Afrika (African violet) mahali lilikotokea. Nielekee Lushoto? (Mwalimu, Mbagala)

Jibu: Hapana, Mwalimu, kwako jibu ni Amani. Ua hilo, linalopambwa madirishani Ulaya na Marekani ndani ya vikopo, lilichukuliwa kutoka Usambara mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa Wajerumani wilayani Tanga, naye mtaalamu Hermann Wendland akaliita Saintpaulia mwaka uliofuata. Amani yenyewe ilianzishwa mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, na bustani yake ya miti iliyoletwa kutoka pembe nyingi za dunia ingali ipo. Tangu mwaka 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, ya kwanza ya aina yake nchini. Si mji hasa: ni nyumba chache za zamani, maabara, mashamba ya chai kando, na utulivu unaomfanya mtu ashushe sauti bila kuambiwa.

Panda basi la Tanga la alfajiri Jumamosi, ushuke Muheza kabla ya saa saba mchana. Nunua machungwa pale pale stendi, kwa kuwa ni ya Muheza na hayajasafiri. Magari ya kupanda Amani huondoka mchana, yakiwa yamewashusha watu asubuhi, na yale ya kushuka huondoka alfajiri mno. Hapo ndipo siku zako mbili zinapokuwa finyu, kwani utafika jioni na kuondoka kabla jua halijachomoza. Omba ruhusa ya Jumatatu. Jumapili yote iwe ya msitu, pamoja na mwongozaji wa hifadhi, na kiingilio ukilipe getini Zigi.

Usilitafute ua hilo juu mitini wala kwenye uwanda wa jua. Huota chini, kwenye miamba yenye majimaji kandokando ya vijito, katika kivuli kizito, na lisipokuwa limechanua utalijua kwa majani yake manene yenye vinyweleo laini kama vya sikio la sungura. Liguse kwa kidole kimoja, ulipige picha kwa ajili ya wanafunzi wako, na uliache palepale, maana kung’oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa kisheria.