Kadi ya sauti ya zamani au ya kwenye mazabodi?

Ndugu, umeuliza kama uchomeke ile kadi ya sauti ya zamani, Sound Blaster Live!, au ubaki na sauti iliyomo kwenye mazabodi yako mpya, yaani bodi kuu ya kompyuta. Baki na hiyo ya mazabodi. Kadi ile ya mwaka 1998 hugeuza kila sauti kuwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) kabla ya kuitoa, hata wimbo wa CD wenye 44.1 kHz, na faida yake kubwa kwenye michezo iliisha Windows Vista ilipoacha kuitumia kadi kuchakata DirectSound, njia ya Windows ya kucheza sauti za michezo. Draiva nazo, zile programu za kuiwezesha Windows kuitumia kadi, zitakuhangaisha bure! Ila jaribu hivi: vaa hedifoni, usicheze chochote, sogeza mausi. Ukisikia mkwaruzo unaofuata mkono wako, kelele za umeme wa ndani zinaingia kwenye sauti. Hapo tafuta DAC ndogo ya USB, kifaa kinachogeuza sauti ya kidijitali kuwa ya kusikika kwenye hedifoni; inakaa nje ya kasha kabisa.