Kalamu ya tableti inataka kukandamizwa sana: nyoosha draiva kwanza

Mkuu, umesema mstari haunenepi mpaka ukandamize kwa nguvu zote, mkono unauma, na grafu ya mkandamizo kwenye draiva (programu inayounganisha tableti na kompyuta) umeshaivuta kila upande. Irudishe kwanza iwe mstari mnyoofu, kona hadi kona.

Natumia tableti ndogo ya kuchorea isiyo na skrini pamoja na Krita, programu ya kuchora. Draiva ina grafu yake, Krita ina yake, na kila brashi inaweza kuwa na yake, na zote zinafanya kazi kwa mpigo. Ukilainisha kwenye draiva, yaani kalamu itake nguvu kidogo, kisha ukalainisha tena kwenye Krita, umetia chumvi jikoni na mezani. Ndiyo maana hujui tena tatizo liko wapi.

Sasa ingia mipangilio ya Krita, sehemu ya tableti. Kwenye ile grafu, mlalo ni nguvu ya mkono wako, wima ni kile ambacho programu inapokea. Weka nukta katikati uipandishe kidogo, kalamu italainika. Kwa mkono unaouma, ongeza nukta nyingine kwenye robo tatu ya mlalo, ipandishe karibu na juu kabisa. Hapo unene wa mwisho unaupata kabla hujafika mwisho wa nguvu zako. Usizidishe, maana ukipandisha sana mwanzo wa grafu, mistari myembamba inapotea na kila mguso unakuwa mnene.

Jaribu kwa michoro yako ya kawaida, nywele, kope, vivuli vya mistari. Mtu akijaribu kalamu kwa makusudi hubadilisha nguvu ya mkono bila kujua.

Zile 8192 zilizoandikwa kwenye boksi zisikusumbue. Ni idadi ya ngazi za mkandamizo tu, hazisemi kalamu inaanza kuhisi kwa uzito gani.

Kama mstari una unene uleule hata ufanye nini, hilo ni jambo jingine. Kwenye Windows, badilisha kati ya WinTab na Windows Ink, njia mbili ambazo programu husoma kalamu, humohumo kwenye mipangilio ya tableti, kisha ufunge Krita na kuifungua upya. Na kalamu za ncha ya mpira za simu hazipimi mkandamizo kabisa, hata Apple Pencil ya USB-C ya 2023 haipimi. Hapo hakuna grafu itakayosaidia.

Ikisumbua brashi moja tu, grafu kuu iache. Fungua kihariri cha brashi hiyo, nenda kwenye ukubwa, urekebishe mkandamizo wake humo.