Deki imegoma kusoma: majibu ya maswali yenu kuhusu kuchoma DVD

Kila msimu wa harusi ukiisha, maswali ya kuchoma DVD huja kwa mkupuo. Wapo watakaosema diski zimepitwa na wakati. Labda kwao. Mama aliyezoea kubonyeza rimoti ya deki hataki kutumiwa video ya mwanawe vipande vipande kwenye simu. Haya, tuanze.

Fundi shikamoo. Nimechoma video ya harusi ya dada yangu, faili la MP4, kwenye DVD. Kwenye laptopu inacheza safi, lakini nikiipeleka kwa mama deki inakataa kabisa. Je, diski ni mbovu? (Binti, Tanga)

Marahaba binti. Diski yako ni nzima, ila ulichotengeneza ni diski ya data, yaani umehamisha faili kama ambavyo ungelihamishia kwenye flashi. Deki ya kawaida haina habari na MP4. Ukiiwekea diski, inatafuta folda moja tu iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yenye mkia wa IFO, BUP na VOB. Isipoikuta, inakugomea. Tena picha iliyomo kwenye VOB hubanwa (hupunguzwa ukubwa) kwa njia iitwayo MPEG-2, wakati simu na kamera za siku hizi hubana kwa H.264 au H.265, ambazo deki nyingi za zamani hazizijui.

Kuna mtego mwingine hapohapo. Ukiingiza diski tupu, Windows inauliza kama unataka kuitumia kama flashi au kwa ajili ya deki ya CD na DVD. Watu wengi huchagua la pili wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Hapo Windows imeahidi tu kuifunga diski ili mashine nyingine ziweze kuisoma. MP4 yako inabaki kuwa MP4.

Unachohitaji ni programu ya kutengeneza DVD yenyewe. Windows 7 ilikuja na Windows DVD Maker ndani yake, lakini kuanzia Windows 8 iliondolewa. Mimi ninapendekeza DVDStyler: ni ya bure, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Fungua mradi mpya, chagua PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu), chagua umbo la picha (16:9 kwa TV bapa, 4:3 kwa TV ya chogo), buruta video yako ndani, kisha choma. Usishangae ikichukua saa kadhaa, maana inabana picha upya yote. Kwenye kompyuta ya zamani iache ifanye kazi usiku, na laptopu iwe kwenye chaji na isiruhusiwe kulala. Ikimaliza, fungua diski kwenye kompyuta uichungulie: ukiona VIDEO_TS, mpelekee mama.

Nikibadilisha jina la faili kutoka .mp4 kuwa .vob si inatosha? (Mwanafunzi, Morogoro)

Haitoshi. Umebadilisha kibandiko tu, kilichomo ni kilekile.

Video ya send-off ina GB 2 tu, inachukua saa tatu na nusu. DVD ni ya GB 4.7. Kwa nini programu inaniambia haienei? (Mpiga picha, Mwanza)

Kwa sababu kwenye DVD ya video kinachohesabika ni muda, si ukubwa wa faili ulilonalo. H.264 inabana sana kuliko MPEG-2, kwa hiyo GB 2 zako zikigeuzwa zinavimba.

Fanya hesabu mwenyewe. GB 4.7 ni kama megabiti 37,600. Saa mbili ni sekunde 7,200. Gawanya, unapata megabiti 5 na ushee kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hiyo inapendeza. Saa tatu na nusu ni sekunde 12,600, na kila sekunde inabaki na megabiti 3 hivi. Hapo ndipo watu wanapoanza kucheza na skrini inajaa vijisanduku, hasa taa za ukumbini zinapowaka na kuzima. Programu inaweza kulazimishwa, lakini mteja wako akiona sura ya bibi harusi imegeuka mosaiki hatakuja tena. Gawa kwenye diski mbili, ya kwanza iishie kabla ya zawadi. DVD za tabaka mbili za GB 8.5 zipo, ila ni ghali na deki nyingi za zamani hukwama pale zinapohama tabaka.

Na usiogope kompyuta ikikuonyesha kwamba diski ina GB 4.38. Hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu GB kwa baiti bilioni kamili, Windows inahesabu kwa 1,024 × 1,024 × 1,024.

Tumemtumia mjomba DVD ya arobaini ya bibi. Yuko Marekani, anasema deki yake haiichezi. Wa Muscat anaicheza bila shida. (Familia, Unguja)

Poleni kwa msiba. Tatizo ni mfumo wa TV. Huku kwetu na Oman tunatumia PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Marekani ni NTSC: mistari 480, picha karibu 30 kwa sekunde. Deki zinazouzwa kwetu mara nyingi hukubali zote mbili, lakini za kule nyingi huikataa PAL. Mtengenezeeni nyingine mkichagua NTSC mwanzoni mwa mradi. Au aiweke kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video ambayo haijali mfumo. Mambo ya rijeni (eneo ambalo diski inaruhusiwa kuchezwa) yanayoandikwa kwenye kava za filamu za dukani hayawahusu, diski ya kuchoma nyumbani haina kizuizi hicho.

DVD ya kwaya yetu inacheza vizuri, ikifika nyimbo za mwisho inaganda. (Mwalimu wa kwaya, Dodoma)

Mwalimu, DVD huandikwa kuanzia katikati kwenda nje. Nyimbo zako za mwisho ziko ukingoni, palepale vidole vinaposhika. Igeuze kwenye mwanga wa dirisha uangalie upande unaong'aa: mara nyingi utaona alama za dole gumba zimejipanga pembeni. Ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya data ndio unaoua.

Kama ni safi na bado inaganda, sababu ni uchomaji. Ukingoni ndiko diski za bei rahisi huharibika zaidi, hasa zikichomwa kwa kasi ya juu. Choma kwa 4x au 8x. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama robo saa, si muda wa kukukosesha usingizi. Kisha ruhusu programu ihakiki ilichoandika. ImgBurn inafanya hivyo vizuri, nayo ni ya bure. Ila wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa, maana kisakinishi chake kimewahi kubeba programu za ziada usizoziomba.

Ninunue DVD-R au DVD+R? (Mama wa stesheneri, Kilosa)

Mama, kama wateja wako wana deki za zamani, chukua DVD-R. Deki mpya zinasoma zote. DVD-RW waachie wanaotaka kufuta na kuandika tena, deki nyingi husumbuka kuisoma.

Laptopu yangu mpya haina mlango wa diski. (Msomaji, Nairobi)

Nunua kichomeo cha nje cha USB. Hakikisha kinachoma, kwani vingine vinasoma tu. Kichomeke moja kwa moja kwenye laptopu. Kikipitia kigawanyishi cha USB (hub) kisicho na umeme wake, kinakosa nguvu katikati ya kazi na diski inaharibika.

Naweza kuchomea wateja filamu za dukani kwa njia hiyohiyo? (Kijana, Mbagala)

Hapana, mdogo wangu. Filamu nyingi za dukani zimefungwa ili zisinakiliwe, na hata isiyofungwa ina mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo. Shika harusi, ubarikio na maulidi, kazi haikauki.

Niandike kwa kalamu gani juu ya diski? (Msomaji, Arusha)

Kalamu ya wino yenye ncha laini iliyotengenezwa kwa ajili ya diski, kamwe si bolpeni. Bolpeni inachimba, na kwenye CD tabaka la data liko chini kidogo tu ya pale unapoandika. Karatasi za kubandika usiziguse: zikikaa upande mmoja diski inayumba ndani ya deki, na siku zikianza kubanduka kwa joto zitanasa humohumo.