Barua kwa mwanangu: goti ni la mwenyewe

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza ukubali kuwa daktari wa mifupa wa timu ya chuo hapo Alabama, Marekani, au ubaki na wagonjwa wako hospitalini. Habari za mshahara muulize baba yako, yeye ndiye wa hesabu.

Mimi naandika habari ya goti langu. Najua, mmekua mkiligusa. Ila sijawahi kuwaambia nani alinirudisha uwanjani.

Ilikuwa 1984, netiboli, chuo cha ualimu. Niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku nageuka, goti likalia "tap!" kama kijiti kikavu. Mwalimu wa michezo akanichua, akanifunga bendeji, kisha akaniuliza mbele ya wenzangu: "Unaweza?" Una miaka 20, chuo kizima kinaimba jina lako, utajibu nini? Nikasema naweza. Robo ya mwisho goti likaniachia. Sijaruka tena. Ngazi za kwa bibi yako hadi leo naanza na mguu wa kushoto.

Goti ni la mwenyewe. Si la chuo, si la kocha.

Uliniambia kwamba huko kanuni za michezo ya vyuo zinampa daktari neno la mwisho, kocha halipingi. Nilifurahi. Halafu usingizi ukanipaa. Uwanja wa chuo hicho, pale Tuscaloosa, unaingiza watu laki moja, kocha anakutazama, na kijana mwenyewe analia umwache acheze. Anayelia ndiye mwenye goti! Neno langu la miaka yote likanigeuka. Nimelizungusha mpaka alfajiri: goti ni lake, sawa, lakini ni lake pia atakapokuwa na miaka 60, na huyo mzee hayupo uwanjani kujisemea. Labda daktari ndiye wakili wake. Labda.

Yule Dk. James Andrews wa Birmingham ya hapo hapo Alabama unayemsifu, aliyetibu mabega na magoti ya wachezaji wakubwa, mimi upasuaji wake haukunigusa sana. Kilichonigusa ni kwamba alipokuwa chuoni Louisiana naye alikuwa mwanamichezo wa kuruka juu kwa upondo, ile fito ndefu, na baadaye akawa anawasihi wazazi wawapumzishe watoto, wasicheze mchezo mmoja mwaka mzima. Mpasuaji anaomba watu wasifike mezani kwake!

Umesoma miaka 4 ya chuo, 4 ya udaktari, 5 ya mifupa na mmoja wa majeraha ya michezo. Sitakuamulia. Ningetaka, Mungu ananiona, neno liko mdomoni. Lakini kazi ni yako.

Ila ukienda, na binti akatua vibaya, usimuulize "unaweza?" mbele ya wenzake. Mtoe pembeni, umshike goti kwa mikono yote miwili, ndipo mzungumze.

Mama yako