Aliyeumia Ndiye Aamue Lini Aseme

"Mficha maradhi kifo humuumbua" ni methali tuliyoambiwa mara kwa mara mwaka 2008, tulipokuwa tukiishi kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru pamoja na maelfu ya wengine waliofukuzwa makwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya. Naiheshimu, ila naona hutumiwa kwa pupa panapohusika majeraha ya moyo. Mtu aliyenyang'anywa uamuzi juu ya nyumba yake na hata mwili wake asinyang'anywe tena uamuzi wa lini atasimulia, na amsimulie nani.

Pale kambini walikuja wageni wenye nia njema wakatuketisha duara, kila mmoja akatakiwa kueleza aliyoyaona. Baadhi yetu waliondoka wakitetemeka, na usiku majinamizi yakazidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba aliyepatwa na mkasa asishurutishwe kuusimulia; anachohitaji kwanza ni usalama, chakula, habari za jamaa zake na mtu wa kukaa naye.

Kimya kinachoniogofya ni kile tulichowekewa tuliporudi mitaani, tukaishi ukuta kwa ukuta na majirani wa siku zile, tukiambiwa tusichokoe yaliyopita ili amani idumu. Hapo mwathiriwa ndiye anayeilipia amani ya wote, nami sikubali kwamba huo ni uvumilivu wa kusifiwa.

Ukiamua kusema, jiulize kwanza unatafuta nini. Waliotoa ushahidi mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza dhuluma zilizotendwa nchini Kenya na kukabidhi ripoti yake mwaka 2013, walifungua mioyo hadharani, na wengi wao wangali wakisubiri fidia iliyopendekezwa. Ushahidi ni haki yako, lakini usiutegemee ukupe usingizi. Kwa ajili ya usingizi, mtafute mtu mmoja asiye na haraka, uanze na ya leo: kwamba hulali, au kwamba hushtuka mlango ukigongwa. Una ruhusa ya kukomea katikati. Hali hiyo ikipita mwezi mmoja na kukuzuia kufanya kazi au kulea watoto, nenda hospitalini uonane na mshauri nasaha, hata kama mkasa wenyewe bado huwezi kuutaja.

Nawe unayesikiliza, usidai maelezo ya kinaganaga, wala usimwambie kwamba wengine waliumia zaidi. Muulize kama angependa uendelee kuketi naye, kisha ulifuate jibu lake.