Wavuvi Waulize: Stilihedi Kavuta, Mbona Hakunasa?

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Naishi Portland, jimbo la Oregon, Marekani, na vuli hii nimeanza kwenda Mto Deschutes, maeneo ya Maupin, kumtafuta stilihedi, yule trauti anayekwenda baharini na kurudi mtoni, kwa nzi bandia. Uvuvi wa trauti naujua vizuri. Lakini huyu ananitesa: nahisi mshipi unavutwa, nanyanyua ufito palepale, patupu. Mwenzangu anasema nina mkono mzito. Wengine wananishauri ninunue mshipi wa kuzama. Nifuate lipi?
Msomaji, Portland

JIBU: Marahaba. Mwenzako hajaona sawasawa. Mkono wako si mzito, ni mwepesi kupita kiasi.

Trauti anayedonoa mdudu juu ya maji, ukichelewa kumvuta anatema. Umelelewa na uvuvi huo, na ndio unaokuponza. Stilihedi unamvua ukiwa umesimama upande mto unakotokea, naye yuko chini yako, mshipi umekaza. Anainuka kutoka alikotulia, uso umekuelekea wewe, anamfumbia mdomo yule nzi. Ukivuta sekunde hiyo unamchomoa nzi moja kwa moja mdomoni, ndoana haijagusa nyama. Ukitulia, atageuka arudi alikotoka, na kule kugeuka kwake ndiko kunakoburuta ndoana mpaka pembeni mwa taya. Imeshika, na wewe hujafanya lolote.

Wapo wanaoacha kitanzi cha mshipi kikining'inia kati ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, na kidole, wakakiachia samaki anapovuta. Ni njia ya siku nyingi, lakini mimi simpi mtu wa trauti, maana atakibana tu. Legeza breki ya rili, toa kidole kabisa kwenye mshipi, elekeza ncha ya ufito kule nzi aliko, kisha subiri rili ilie. Ikilia na kuendelea kulia, na uzito wa samaki unausikia kweli, peleka ufito taratibu upande wa ukingo ulipo wewe, chini chini. Usiunyanyue juu.

Sasa, kavuta na kuachia. Wengi hapa huvuta mshipi wote haraka, wakakagua ndoana, wakasogea hatua mbili kwa msisimko. Usihamishe mguu! Samaki huyo hajaenda popote. Rudia mtupo uleule, urefu uleule. Akikataa, kunja mshipi pima mbili tatu, funga nzi mdogo zaidi na mweusi zaidi, kisha anza kurefusha kidogo kidogo kwa kila mtupo hadi umrudie palepale. Stilihedi akiwa mtoni hali chakula cha maana. Anamfuata nzi kwa mazoea ya utotoni au kwa kukerwa, wanaojua zaidi yangu bado wanabishana. Kwa hiyo aliyesogea mara moja ana kila sababu ya kusogea tena.

Kuhusu mshipi wa kuzama, weka pesa yako mfukoni kwa sasa. Septemba na sehemu kubwa ya Oktoba maji bado yana uvuguvugu wa kutosha, na stilihedi wa Deschutes atapanda kumfuata nzi karibu na uso wa maji. Tupa kukatiza mto, ukielekea chini kidogo, kama nyuzi 45. Mkondo wa katikati ukianza kuliburuta tumbo la mshipi, yaani sehemu yake ya katikati, linyanyue ulirushe upande wa juu, mara moja tu, kisha mwache nzi avuke mwenyewe hadi anyooke chini yako. Hatua moja au mbili kuteremka, unatupa tena. Maji yakishuka chini ya nyuzi 7 za Sentigredi, samaki anakuwa mvivu wa kupanda. Hapo ndipo ncha ya kuzama inapokuwa na kazi.

Kitu ambacho hukuuliza, na naona kina uzito kuliko mshipi: jua. Deschutes unatiririka kwenda kaskazini, hadi Mto Columbia. Samaki hulala kichwa kikiuelekea mkondo, maana yake anatazama kusini, na jua la vuli linakaa huko huko kusini, chini chini. Linampiga machoni. Vua alfajiri kabla halijaingia korongoni na jioni likishatoka, na mchana ufuate kivuli cha genge. Saa sita yenye jua kali mimi nalala, sioni haya.

Na uliza kabla hujafunga safari. Mwaka 2021 samaki waliopanda walikuwa wachache mno, jimbo la Oregon likafunga uvuvi wa stilihedi mto huo kuanzia Septemba. Pia kule hairuhusiwi kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Mashua ni ya kukufikisha, kuvua, shuka.

SWALI: Shikamoo mzee. Mume wangu alikwenda Deschutes na rafiki yake, kila mmoja akapata stilihedi mmoja. Rafiki karudi na wake, mume wangu anasema wake alimrudisha majini. Ni kweli, au ananificha kwamba hakupata kitu?
Mama wa watoto wawili, Salem

JIBU: Marahaba mama. Anaweza kuwa anasema kweli. Mgongoni mwa stilihedi, karibu na mkia, kuna kipezi kidogo laini kisicho na miiba. Vifaranga wa kufugwa hukatwa kipezi hicho kabla ya kuachiliwa mtoni, ili mvuvi awatambue wakirudi kutoka baharini. Mwenye kovu mahali pa kipezi huchukuliwa, sheria za msimu zikiruhusu. Mwenye kipezi kizima ni wa asili, anarudishwa. Tofauti na samoni wengi wa Pasifiki, stilihedi si lazima afe baada ya kutaga. Baadhi hurudi baharini na kupanda tena, kwa hiyo huyo mmoja ana thamani.

Ukitaka kumpima mumeo, usimwulize uzito, kila mvuvi ana jibu la uzito. Mwulize alimtoaje ndoana. Akikwambia alikuwa ameminya kijino cha ndoana mapema kwa koleo, akamshika samaki chini ya tumbo bila kumtoa majini, akamwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka akajiondokea mwenyewe, mwamini. Akianza kusimulia jinsi alivyomlaza kwenye mawe apige picha, basi mwambie aniandikie yeye mwenyewe.