Kuhesabu Magari kwa Vihisi vya Mwanga: Niliyojifunza Kando ya Karavati

Mtaa ninaoishi, pembezoni mwa mji wa Morogoro, unaunganishwa na lami kwa barabara moja nyembamba ya changarawe, na kwa muda mrefu kila mkutano wa mtaa ulikuwa ukirudia mjadala uleule. Wapo waliosema kwamba malori ya mchanga na matofali ndiyo yanayoimaliza barabara, na wapo waliosema kwamba malori hayo ni machache na kwamba mharibifu ni maji ya mvua yasiyo na mifereji. Kila upande ulikuwa na uhakika, lakini hakuna aliyekuwa na hesabu. Kwa kuwa nafundisha umeme, na kwa kuwa nilikuwa na bodi ya Arduino Uno, yaani kompyuta ndogo ya kuendeshea vifaa vya umeme, iliyokaa kabatini bila kazi, nilijitolea kutengeneza kifaa cha kuhesabu vyombo vinavyopita. Haya ninayoandika ni ushauri kwa yeyote anayetaka kufanya kazi kama hiyo, na nitakaa zaidi kwenye jambo lililonichukua muda mwingi kuliko mengine yote, nalo ni kwamba kifaa cha namna hii kinaweza kutoa jumla iliyo sahihi huku hesabu yenyewe ikiwa mbovu.

Kabla ya kununua chochote, chagua mahali. Kihisi cha mwanga kilichowekwa kando ya barabara hakijui kama mbele yake kuna gari moja au mawili yanayopishana, kwa sababu gari la karibu hulificha la mbali, na hakuna programu itakayokuokoa hapo. Sisi tulibahatika kuwa na karavati ambalo vyombo viwili haviwezi kupita kwa pamoja, hivyo kila dereva hupunguza mwendo na kumsubiri mwenzake. Kama barabara yako ina njia mbili pana, tafuta geti, daraja dogo au sehemu nyingine inayobana, au ukubali mapema kwamba utapata pungufu.

Nilianza na kihisi cha bei nafuu kuliko vyote, kile ambacho mafundi hukiita LDR, yaani rezista ambayo ukinzani wake hupungua mwanga unapoongezeka. Unaiunga mfululizo na rezista ya kawaida kati ya volti 5 na upande hasi, LDR ikiwa upande wa volti 5, kisha unapima volti pale rezista hizo mbili zinapokutana. Bodi ya Uno huzigeuza volti hizo kuwa namba kuanzia 0 hadi 1023. Gari linapopita hutupa kivuli, namba hushuka, nawe unahesabu moja. Mchoro ni huo tu, na mezani ulifanya kazi vizuri kwa kupitisha mkono.

Barabarani haukufanya kazi, na sababu ya kwanza ilikuwa rezista. Michoro mingi huweka ya omu 10,000 (omu ni kipimo cha ukinzani), na mimi niliinakili bila kufikiri. Sasa chukua LDR ambayo juani ina omu 500 na kivulini ina omu 2,000. Kwa rezista ya omu 10,000, kipimo cha juani ni takriban 974 na cha kivulini ni 852, tofauti ya 122 tu, ambayo wingu dogo linaweza kuileta. Ukiweka rezista ya omu 1,000, vipimo vinakuwa 682 na 341, na tofauti inakaribia kuwa mara tatu ya ile ya mwanzo. Kanuni yake ni rahisi: pima ukinzani wa LDR palepale barabarani, mara moja ikiwa wazi na mara moja ikiwa kivulini, zidisha namba hizo mbili, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu, hiyo ndiyo rezista inayokufaa. Ugumu ni kwamba usiku LDR hiyohiyo inaweza kufika omu laki mbili na zaidi, na hapo rezista iliyokusaidia mchana inaacha kipimo karibu na sifuri.

Jua lenyewe lina adabu yake. Mwanga wa jua la mchana unaweza kufika laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwangaza), wakati barabara yenye taa usiku ina laksi chache tu, na kihisi changu, kilichotazama mashariki, kilipofushwa kila asubuhi kati ya saa moja na saa mbili, ambazo ndizo saa zenye watu wengi zaidi. Dawa ilikuwa kukiingiza ndani ya kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 15 na upana wa sentimita 2, kilichopakwa rangi nyeusi isiyong'aa kwa ndani. Kwa vipimo hivyo, kihisi huona nyuzi zipatazo nane tu kila upande wa mstari wake, na jua likishapanda kidogo halikifikii tena. Pia niliacha kutumia kizingiti kimoja cha kudumu, yaani namba moja ambayo kipimo kikishuka chini yake gari huhesabiwa. Programu iweke wastani wa mwanga unaobadilika polepole, ihesabu kushuka chini ya wastani huo, na iwe na vizingiti viwili, kimoja cha kuingia kivulini na kingine, kilicho juu zaidi, cha kutoka, ili kipimo kinachotetemeka kisizae magari matano kutoka katika gari moja.

Usiku mambo hugeuka kabisa, kwa sababu taa za gari hukifikia kihisi kabla ya gari lenyewe, kipimo hupanda badala ya kushuka, na programu inayosubiri giza huchanganyikiwa. Hapo ndipo nilipoacha kutegemea mwanga wa Mungu nikaleta mwanga wangu: diodi ya infraredi, yaani taa ndogo ya mwanga usioonekana kwa macho, upande mmoja wa karavati, na kipokezi upande wa pili. Diodi huwashwa na kuzimwa mara 38,000 kwa sekunde, na kipokezi husikiliza mapigo hayo peke yake, hivyo jua na taa za magari havikisumbui sana. Angalizo moja litakuokoa siku nzima ya kuhangaika: vipokezi vingi vya aina hii vimetengenezwa kwa ajili ya rimoti za televisheni, navyo huuchukulia mwale usiokatika kuwa ni kelele na kupunguza usikivu wao vyenyewe. Tuma mapigo kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko, au nunua kipokezi kilichokusudiwa kwa mwale wa kudumu, kama TSOP4038.

Wapo watakaokushauri utumie leza nyekundu kwa sababu ni rahisi kuilenga. Mimi siishauri. Mwale wa leza kwenye kimo cha gari ndio huohuo ulio kwenye kimo cha macho ya mtoto, na isitoshe lori lenye mchanga linapopita, nguzo hutikisika na leza hukosa shabaha. Mwale wa infraredi uliotawanyika kidogo husamehe mtikisiko huo.

Kufikia hapo nilikuwa na mwale mmoja unaofanya kazi usiku na mchana, nikaketi chini ya mwarobaini na daftari, nikaandika kila chombo kilichopita kwa saa nzima. Jumla ya kifaa ilitofautiana na yangu kwa vyombo viwili tu. Nilifurahi, na karibu nianze kukusanya takwimu za mkutano. Kilichonizuia ni kwamba nilikuwa nimeiandikia programu irekodi muda wa kila hesabu, hadi sekunde, na jioni ile nililinganisha orodha mbili mstari kwa mstari. Niliona kwamba baadhi ya bodaboda zilizofuatana hazikutenganishwa, kwamba karibu kila Fuso lilihesabiwa mara mbili, na kwamba waenda kwa miguu kadhaa walikuwa wameingizwa kama vyombo. Makosa ya kuzidisha na ya kupunguza yalikuwa yamefutana. Siku ya gulio, au siku ambayo malori hayaji, yasingefutana, na mimi ningesimama mbele ya majirani zangu nikitetea namba ambazo hazikuwa na msingi. Kwa hiyo naomba usilinganishe jumla kwa jumla. Linganisha chombo kwa chombo, na ufanye hivyo asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku, kwa maana kila wakati una makosa yake.

Fuso lilihesabiwa mara mbili kwa sababu ya kimo cha mwale. Niliuweka sentimita 60 kutoka ardhini, na kwa kimo hicho mwale hukatwa na magurudumu ya mbele, ukapita wazi chini ya bodi ya lori, kisha ukakatwa tena na magurudumu ya nyuma. Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuiambia programu ipuuze pengo fupi. Lakini lori linalokwenda kilomita 18 kwa saa husafiri mita 5 kila sekunde, na pengo la mita 3 kati ya magurudumu yake huchukua sekunde 0.6, bodaboda mbili zinazofuatana kwa umbali huohuo huacha pengo lilelile. Hakuna muda mmoja unaowafaa wote wawili. Nilipandisha mwale hadi karibu sentimita 90, usawa wa fremu ya lori, na malori yakawa kitu kimoja. Gari dogo sasa huonekana fupi kuliko lilivyo, kwa sababu mwale unaweza kupita juu ya boneti yake, lakini huonekana mara moja.

Tatizo la mtu na bodaboda lilinifundisha zaidi. Mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde, mwenye unene wa sentimita 30, huukata mwale kwa sekunde 0.2 hivi. Pikipiki yenye urefu wa mita 2, ikienda mita 10 kwa sekunde, huukata kwa sekunde 0.2 vilevile. Kwa mwale mmoja wawili hao ni kitu kimoja. Niliongeza mwale wa pili mita 1 mbele ya wa kwanza, na hapo wakatengana: mtu huchukua sekunde 0.7 kutoka mwale mmoja hadi mwingine, pikipiki sekunde 0.1. Umbali ukigawanywa kwa muda ni mwendo, na mwendo ukizidishwa kwa muda wa kukatwa kwa mwale ni urefu. Kwa urefu huo programu hutenganisha watu, bodaboda, magari madogo na malori, na kwa kutazama mwale uliokatwa kwanza hujua chombo kinaingia mtaani au kinatoka. Mikokoteni na ng'ombe niliwawekea kundi lao la visivyojulikana, kwa kuwa naona ni heri kundi la mashaka lililoandikwa waziwazi kuliko kuwalazimisha kuwa magari.

Mtu asijaribu kazi hii ya miale miwili kwa LDR. Kihisi hicho huhitaji milisekunde 20 hadi 30 kuitikia badiliko la mwanga, na kosa la milisekunde 30 katika safari ya milisekunde 100 ni theluthi moja ya mwendo wote. Fototransista na vipokezi vya infraredi vina kasi kubwa zaidi. Na kwa kuwa mwanga wa diodi ya kwanza ulikuwa ukikifikia kipokezi cha pili, niliwapanga kinyume, diodi moja kushoto na nyingine kulia, ili kila kipokezi kiutazame upande wake.

Katika programu, epuka amri ya kusubiri, kwa kuwa bodi inayosubiri haioni kinachopita. Tumia saa ya ndani ya milisekunde, nawe ukumbuke kwamba hurudi sifuri baada ya siku 49 na saa 17 hivi; ukitoa muda wa zamani kutoka muda mpya kwa namba zisizo na alama ya hasi, mrudio huo hauna madhara. Hesabu yenyewe isihifadhiwe kwenye namba ya kawaida ya Uno, ambayo kikomo chake ni 32,767. Baada ya wiki kadhaa mimi nilikuta jumla iliyo chini ya sifuri. Andika kwenye kadi ya kumbukumbu kila dakika 15, ufunge faili kila unapoandika, kwa maana umeme ukikatika faili likiwa wazi unaweza kupoteza kila kitu. Muda wa kweli uutoe kwenye saa ya DS3231, ambayo katika joto la kawaida hukosea kama dakika moja kwa mwaka.

Kwa umeme, betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 ikilisha mzigo wa miliampea 100 ingedumu saa 70 kwa hesabu ya karatasi, lakini betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo panga saa 35 na uweke paneli ndogo ya sola. Weka pia kipunguza volti cha nje, kwa sababu kile cha kwenye bodi hugeuza karibu wati 0.7 kuwa joto ndani ya sanduku lililokwishapikwa na jua.

Sanduku lenye nyaya kando ya barabara huwatia watu hofu, na wana haki ya kuhofu. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla ya kuchimba shimo la kwanza la nguzo, nikaeleza kwamba kifaa hakipigi picha wala hakisomi namba za magari, kisha tukaandika maneno hayo kwa herufi kubwa juu ya sanduku. Vijana wa kijiwe cha bodaboda ndio wakawa walinzi wake, na ndio walioniita siku mwale mmoja ulipoacha kufanya kazi. Buibui alikuwa amefuma utando kwenye mdomo wa bomba, vumbi likaushika utando, na kipokezi kikadhani kuna gari moja lisiloondoka tangu alfajiri. Tangu siku hiyo programu ina sharti jingine: mwale ukikatika kwa zaidi ya dakika moja, haihesabu chochote, bali huandika saa na neno «chafu» kwenye kadi, nami kila Jumamosi hupita na kitambaa kikavu kuyafuta mabomba yote manne.